Wembe Wangu na Shingo ya Athumani

Vijana wangu wa mashine za umeme, mikono imeanza kutetemeka, na kinyozi anayetetemeka ni hatari kuliko chui kwenye banda la mbuzi. Kwa hiyo nimeukunja wembe. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini kabla sijaanza kazi yangu mpya ya kukaa barazani na kuitikia salamu. Haya. Ila darasa mimi sikuliona. Kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima pale Mlandizi, na mwalimu wetu alikuwa mteja wangu, ndiyo maana nilifaulu. Msitafute nukta na mkato humu. Nitawaambia habari ya ndevu zinazoota kwa ndani, maana nawaona siku hizi mnavyonyoa na nawaogopea.

Kazi nilianzia Kisarawe, Uhuru ukiwa bado una harufu ya rangi mpya. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke, nimeshindwa kilimo cha mihogo, na mihogo nayo ilikuwa imenishindwa. Mzee Pazi alikuwa na banda la makuti karibu na boma, kiti kimoja cha mbao kilichofungwa kamba mguu wa nyuma, kioo chenye ufa katikati, mkanda wa ngozi wa kunolea, jiwe la shabu la kuzuia damu, na wembe wa kukunja ambao mimi nawaambia ukiuelekeza kwenye kivuli cha mtu, kivuli kinatoka damu. Alikuwa mfupi, mpole, anaongea polepole kama anayehesabu maneno asije akaishiwa.

Siku ya kwanza nilidhani nitanyoa. Nilifagia. Nilifagia miezi mitatu. Mke wangu anasema wiki tatu, lakini aliyeshika ufagio ni mimi. Halafu akanipa papai bivu, akalipaka povu la sabuni, akasema linyoe. Ngozi ya papai bivu ukiigusa vibaya inatoa maji pale pale. Likichubuka, unalila, unaletewa lingine. Mwaka ule nilikula mapapai mpaka tumbo langu likawa halitunzi siri. Siku niliyolinyoa papai likabaki zima, Mzee Pazi aliligeuza geuza, akasema, "Sasa njoo kwa watu. Watu wanachubuka kuliko papai, na hawaliki."

Somo lake kubwa alinipa kwenye shingo ya karani mmoja wa boma. Akaniambia nifumbe macho nipitishe vidole. Mashavuni ndevu zilikuwa zinashuka. Chini ya taya zinakwenda kando. Shingoni, karibu na kikoromeo, zinapanda juu, na upande wa kushoto zimezunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Mtu mmoja, njia nne. Akasema wembe uende zinakokwenda ndevu, basi. Usizipinge. Usivute ngozi. Usirudie mara ya pili. Acha kidogo kibaki, hata mteja akinuna.

Nikamuuliza kwa nini tusimnyoe mtu akang'aa kabisa. Akachukua unywele wa ndevu sakafuni, akaniwekea kiganjani. Umejikunja kama springi ya kitanda. Sisi nywele zetu ndivyo zilivyo, alisema. Ukivuta ngozi ukaukata unywele kwa kuupinga, ncha inabaki imechongoka na inaingia chini ya ngozi. Ukianza kuota tena haupati njia ya kutokea, unapinda, unachoma nyama humo humo. Na hata ule uliotoka nje, ukiwa na ncha kali unajikunja na kurudi kuchoma ngozi ya jirani. Mwili unaudhani mwiba, unavimba kuusukuma. Ndiyo vile vipele. Si uchafu, si kurogwa, wala haviambukizi kwa kukaa kiti kimoja. Mzee Pazi yeye alisema ndevu zimerudi nyumbani.

Nilielewa vizuri sana. Halafu nikafanya kinyume kwa miaka.

Maana watu walipohamishiwa vijijini, na mimi nikahamia Mlandizi kwa wajomba zangu, nikafungua banda langu karibu na soko. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, mkono mzuri, kioo kisicho na ufa. Mimi nilikuwa na mdomo. Nikatangaza kwamba kwa Fundi Kibwana unanyolewa mpaka inzi akitua anateleza anavunjika mguu. Na bwana, nikalazimika kutimiza. Nashusha wembe, napandisha, navuta ngozi kwa vidole viwili mpaka mzee wa miaka sitini anafanana na passport yake ya ujana. Mteja anajipapasa shavu, anacheka peke yake, kesho kutwa yuko tena kitini. Foleni ikatoka Mlandizi ikafika Chalinze. Sabuni ilipoadimika, wakati ule wa kupanga mstari kwa kila kitu, wengine wakaacha kunyoa. Mimi nilinyoa kwa maji matupu, napiga na kurudia. Mzee Pazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo hakuna aliyeninyang'anya wembe.

Sasa ndiyo anaingia Athumani.

Athumani alikuwa fundi wa mabomba kwenye mtambo wa maji Ruvu, kijana mrefu, mpole, mwenye ndevu ngumu kama brashi ya viatu. Alikuwa akimposa Mwajuma, binti wa Mzee Mwinshehe wa Dutumi, mkulima wa mpunga, mzee mwenye ndevu nyeupe zinazofika kifuani na heshima inayofika mbali zaidi. Kila Athumani akitaka kwenda Dutumi kuonekana, anapita kwangu kwanza. Mara moja kwa wiki ikawa mbili, ikawa kila kesho kutwa. Alivyozidi kupenda ndivyo alivyozidi kunyolewa, na alivyozidi kunyolewa ndivyo shingo ilivyozidi kuharibika. Vikaanza vipele vitatu. Vikaja na jamaa zao. Vingine vina usaha kichwani, vingine vigumu vyeusi. Mimi nilikuwa nampaka shabu, nampuliza poda, namwambia ni joto. Yeye nyumbani akawa anavikamua kwa kucha, anapaka limau na majivu. Ilifika mahali kola ya shati ikigusa shingo anakunja uso kama anayemeza kwinini.

Siku moja alikuja, hakukaa kitini. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Fundi, wamenikataa."

Mshenga alikuwa ametoka Dutumi. Mzee Mwinshehe amesema kijana ana tabia njema, kazi anayo, lakini ile ngozi ni ugonjwa wa damu, na yeye hataki wajukuu wenye ugonjwa wa damu. Ametoa muda mpaka mpunga uvunwe. Shingo ikiwa vile vile, kuna mwingine wa Soga amebisha hodi, na huyo shingo yake safi. Mpunga wakati huo ulikuwa umeshaanza kutoa masuke.

Nikamkalisha, nikaileta shingo kwenye mwanga. Nikapitisha vidole nimefumba macho, kitu ambacho sikuwa nimemfanyia mteja tangu Kisarawe. Chini ya ngozi vidole vilikuta nywele zimejikunja kama herufi za Kiarabu. Kila moja ilikuwa na saini yangu. Nawaambieni, mimi nimewahi kuona mamba wa Ruvu akipiga mswaki na sikutishika, lakini shingo ile ilinitisha.

"Athumani," nikamwambia, "wewe huumwi. Nimekuumiza mimi."

Akadhani namtania. Ikabidi nimweleze yote, la springi na la ncha na la kupinga. Halafu akauliza jambo moja tu, kama zitatoka. Nikamwambia zitatoka, ila kwanza wembe usimguse. Wiki nne, hata kama atafanana na beberu. Akaona haya kwenda Dutumi na ndevu, mimi nikamwambia aibu ya ndevu ni bora kuliko aibu ya vipele.

Tiba yenyewe niwaandikie hapa, maana ndiyo mliyoiomba na mimi natangatanga. Asubuhi na jioni alikuja nikamwekea kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto, moto wa kuvumilika, dakika kama za kunywa chai. Ngozi ikilainika nasugua taratibu kwa kuzungusha, kwa kitambaa laini, siyo dodoki, mnamtoa mtu ngozi kwa dodoki. Kola ya shati afungue. Kucha aweke mbali, na limau akamulie samaki. Baada ya siku kadhaa nywele zikaanza kuonekana zimelala chini ya ngozi nyembamba kabisa, na nyingine zimefanya kitanzi, ncha zote mbili zimo ndani. Hapo ndipo nachemsha sindano, nainua kile kitanzi tu, polepole, ncha itoke nje ipate hewa. Msing'oe. Ukiung'oa, unaota mwingine chini kule kule na unapotea tena. Na ule usiouona kwa macho usiuchimbe, wewe si mchimba visima. Vipele viwili vilikuwa vimevimba na vina moto, nikampeleka zahanati mwenyewe, akapewa dawa. Kinyozi akianza kutumbua majipu ameacha kazi yake.

Lakini shingo kupona peke yake haikutosha. Mzee Mwinshehe angesema ugonjwa umejificha chini ya ndevu. Nikapanda baiskeli nikaenda Dutumi kukiri kosa langu.

Nikamkuta barazani na mkewe, Bi Tatu, mama mwenye ulimi ambao ningeunoa kwenye mkanda ungenyoa kijiji kizima. Shikamoo, marahaba, kahawa. Nikaeleza kwamba vipele vya Athumani ni kazi ya wembe wangu, si damu yake. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa adabu.

"Fundi Kibwana. Juzi tu hapa hapa ulituambia umemnyoa kiboko."

"Kiboko ilikuwa maneno, mzee. Hili ni kweli."

"Na yule samaki uliyemvua akakuomba radhi?"

Bi Tatu akadakia, "Amekulipa shilingi ngapi huyo kijana, Fundi, mpaka umtungie hadithi ndefu hivi?"

Hapo ndugu zangu niliona malipo ya mdomo wangu. Miaka yote nimewachekesha watu wa Mlandizi mpaka Dutumi kwa uongo usio na madhara, na siku nina ukweli mmoja mdogo mkononi hakuna anayeupokea. Nikanyanyuka kuondoka. Njiani Mwajuma alikuwa anatoka kufukuza ndege shambani, ana matope mpaka magotini na kombeo mkononi. Akanisalimia, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi siolewi na shingo, Fundi. Lakini baba akishasema, amesema. Kama unayo njia, ifanye upesi."

Njia ilinijia nikiwa juu ya baiskeli, nikakaribia kuingia mtaroni. Ndevu zangu mimi ni zile zile za Athumani, ngumu, za springi. Na mimi mwenyewe siku zote nilijinyoa kwa njia ya Mzee Pazi, kumbe! Wateja nawapa ya inzi, mimi najipa ya mwalimu. Ndiyo maana shingo yangu ilikuwa safi.

Kesho yake nikaoga maji ya moto, nikakaa mbele ya kioo, nikaigawa shingo yangu katikati kama shamba la urithi. Kulia nikaweka kitambaa cha moto, nikapapasa njia, nikapaka povu la kutosha kutoka kwenye kile kipande cha sabuni nilichokuwa nimekificha, nikanyoa mara moja kufuata ndevu, nikaacha kidogo. Kushoto nikajinyoa kama ninavyomnyoa mteja: maji matupu, ngozi nimeivuta, nimeshuka, nimepanda, nimerudia. Kushoto kukang'aa kama sahani. Nikapanda baiskeli nikaenda Dutumi nikamwonyesha Mzee Mwinshehe. Akapapasa pande zote mbili, akasema kushoto ndiko kuzuri. Nikamwambia asubiri.

Kila kesho kutwa nilijinyoa hivyo hivyo, nikaenda. Siku ya nne hamna kitu. Siku ya sita kushoto kukaanza kuwasha. Ya nane vikatoka vitatu. Ya kumi na mbili kushoto kote kumechanua, siwezi kugeuza shingo, ninalala ubavu mmoja kama mtu aliyekosana na ukuta. Kulia safi. Huku Mlandizi wateja wakaniona. Kinyozi mwenye shingo mbovu! Foleni yangu ilivuka barabara yote kwa siku moja, ikaenda kwa yule wa kioo kizima, na sikuwalaumu. Kule Dutumi nako watu wakaanza kuja barazani kuiangalia. Waliotoka shambani walipita na majembe begani, wanainama, wanalinganisha. Bi Tatu ndiye aliyekuwa anaielezea, kidole kikienda kushoto na kulia.

"Huku shingo ya mtu," anawaambia, "huku shingo ya kanga wa porini. Mtu mmoja, damu moja. Haya, niambieni ugonjwa wa damu unajuaje kushoto."

Mzee Mwinshehe kila siku alipapasa pande zote mbili, akarudi kwenye kahawa yake. Hakubisha, hakukubali. Mpunga ulikuwa umeshageuka rangi ya dhahabu, watu wanatengeneza vichanja, na mshenga wa Soga alikuwa ameonekana kwenye duka la kijiji. Athumani shingo yake imeshatulia chini ya ndevu za wiki nne, lakini neno halijatoka.

Siku niliyokwenda kuaga, nikiwa nimekata tamaa, mzee akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Akaleta mwenyewe maji ya moto kwenye sufuria na kitambaa. Akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akageukia ukuta, akazikusanya zile ndevu zake nyeupe kwa mikono miwili akazinyanyua juu.

Chini yake, shingoni, kulikuwa na makovu meusi ya zamani, na kwenye kona ya taya uvimbe mmoja wa ukubwa wa harage.

Aliongea akiuangalia ukuta. Ujanani alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge la Mzungu, na walilazimishwa kunyoa kila siku, kavu. Shingo ikaharibika. Akaambiwa ana damu chafu. Akaacha kazi, akafuga ndevu, na watu wakasema Mwinshehe ameshika dini kweli kweli. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alipomwona Athumani alijiona yeye.

"Nilisema mmoja kwenye ukoo anatosha," akasema. "Wawili wakikutana, mtoto atatoka na nini?"

Niliweka kitambaa, nikakaa nacho mpaka maji yalipopoa, nikabadilisha, nikaweka tena. Makovu nilimwambia hayatoki, nayo hayana kosa. Ule uvimbe ulipolainika, nikaona mstari mwembamba mweusi umezunguka ndani yake. Nikachemsha sindano. Nikainua taratibu, ncha ikachomoza, na unywele ukaanza kutoka wenyewe, unatoka, unatoka. Nikisema ulikuwa na urefu wa kushonea gunia mtasema nimeanza, basi tuseme ulizidi kidole. Huo haukuwa umeshika tena, ulikuja wote mkononi mwangu.

Mzee Mwinshehe aliutaka. Nikamwekea kiganjani. Aliuangalia kwa muda, ukiwa umejikunja pale, mweusi, wa ujana wake, wakati ndevu zake nyingine zote zilishakuwa nyeupe.

"Ni huu tu?" akauliza.

"Ni huo tu, mzee."

Aliupuliza ukaondoka. Akajipangusa shingo, akazishusha ndevu zake, akazipanga. Halafu akaita kwa sauti ambayo Bi Tatu aliisikia kutoka jikoni, kwamba mtu atumwe Ruvu, mshenga wa Athumani aje Ijumaa baada ya sala.

Harusi ilifanyika mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Mimi nilifika na mkoba wangu wa kazi kama desturi, maana bwana harusi lazima anyolewe, na nilikuwa nimenoa wembe nikiwa nimejiapiza kufuata ndevu hata zikinipeleka Kigoma. Wembe haukukunjuliwa. Athumani aliketi kwenye mkeka na kanzu yake mpya na ndevu zake fupi nilizozipunguza kwa mkasi tu, na minong'ono ikaanza kwa wageni. Mjomba mmoja kutoka Kisarawe, mtu wa sauti kubwa, akauliza mbele za watu bwana harusi gani huyu ambaye hata kunyolewa hajanyolewa, na kinyozi yuko hapa ameshika mkoba.

Nilifungua mdomo nimtungie kitu. Mzee Mwinshehe akanitangulia.

"Nimemkataza mimi," akasema. Akazinyanyua ndevu zake mbele ya wageni wote, mkewe akiwemo, akawaonyesha kwa nini.